Yai la Bata Linaanzia Bandani

Mazungumzo yetu ya leo ni ya jikoni, lakini yataanzia uani, tena kwenye tope. Nataka kusema nanyi juu ya yai la bata.

Bata tunao. Pita nyuma ya nyumba za Tanga, Bagamoyo, Unguja au Kilifi, shuka mabonde ya mpunga ya Kilombero na Kyela, zunguka vijiji vya kando ya Ziwa Victoria, utawakuta. Nyama yao tunaila na vifaranga vyao tunaviuza. Mayai yao ndiyo tuliyoyaweka kando. Mtu ana bata watano, na bado anakwenda dukani kununua trei ya mayai ya kuku wa kisasa, ilhali nyuma ya banda lake kuna mayai yaliyotelekezwa mpaka yamekuwa viza. Muulize kwa nini hayapiki. Atakwambia yana shombo, au yanakinaisha. Au atasema bata ni mchafu, anashinda kwenye matope.

Siyadharau majibu hayo, maana yote yanatoka kwa watu waliowahi kulionja yai la bata wakakunja uso. Lakini shombo halikuumbwa ndani ya yai. Tunalitia sisi, kwa namna tunavyomlisha ndege na tunavyomlaza. Na ule ugumu unaolalamikiwa, kwamba ute wake unatafunika kama mpira, tunautia sisi vilevile, kwa moto mkali na haraka zetu.

Tulifahamu kwanza yai lenyewe. Bata aliyeenea kwetu, yule mwenye vinundu vyekundu usoni, asiyepiga kelele bali hutoa pumzi tu kama anakuonya, ndiye wataalamu wa mifugo wanayemwita Muscovy. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini. Hawa wengine, bata weupe wa Pekin na wenzao, ni uzao wa bata mwitu wa Ulaya na Asia. Tofauti hiyo ina maana kwa mwenye kutaka mayai. Muscovy hutaga kwa mafungu: mayai 10, 12, pengine 15, halafu anakaa kuatamia, na akishakaa ni siku 35 mpaka vifaranga watoke. Bata wa Pekin huatamia siku 28, kuku siku 21. Wapo pia bata waliozalishwa mahususi kwa kutaga. Anayejulikana zaidi ni Khaki Campbell, aliyepatikana mwishoni mwa karne ya 19 kwa juhudi za Bi Adele Campbell katika kijiji cha Uley, Uingereza. Huyo akitunzwa vizuri hufikisha mayai 300 kwa mwaka, na kuatamia hana haja nako. Lakini mimi nazungumza zaidi na mwenye Muscovy wake wachache wa uani, kwa kuwa ndiye yuko kila mtaa.

Yai la bata lina uzito wa gramu 70 hivi, na mara nyingine zaidi. La kuku wa kisasa ni kama gramu 55 hadi 60, na la kuku wa kienyeji ni dogo kuliko hapo. Tofauti yenyewe hasa iko ndani, kwa sababu kiini cha yai la bata ni kikubwa ukikilinganisha na ute wake. Ndiyo maana katika gramu 100 za yai la bata utapata karibu gramu 14 za mafuta, wakati la kuku lina kama 10. Madini ya chuma ni mara mbili, na vitamini B12 ni mara sita hivi. Kolesteroli nayo ni zaidi ya mara mbili: miligramu 880 na kitu kwa kila gramu 100, mbele ya 370 za yai la kuku. Kwa hiyo aliyeambiwa na daktari apunguze mayai, ajue onyo hilo linalihusu la bata zaidi. Na mtu ambaye mwili wake unayakataa mayai ya kuku asije akadhani ya bata ni njia ya kupita pembeni. Mara nyingi mwili unaoyakataa hayo utayakataa na haya.

Sasa hili shombo. Bata ni mlaji wa kila kitu: konokono, minyoo, majani, mabaki ya wali, pumba. Hivyo vyote havina neno, na ukimwachia ajitafutie konokono na majani mabichi, kiini kinakolea rangi na utamu wake unaongezeka. Tatizo huanza pale anapolishwa utumbo wa samaki kila siku, au vichwa vya dagaa, kwa sababu ni chakula cha bure kutoka sokoni au mwaloni. Harufu hiyo inapita mwilini mwake mpaka kwenye yai. Huwezi kuitoa kwa ndimu wala kwa pilipili manga. Anayetaka mayai ya kula na apunguze mabaki ya samaki, au ayaondoe kabisa kwa wiki kadhaa, ampe pumba za mahindi au za mpunga, mashudu ya alizeti, majani ya mchicha na maganda ya papai. Baada ya muda ataonja yai jingine kabisa kutoka kwa bata yuleyule.

La pili ni malazi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu si suala la ladha peke yake. Ganda la yai lina vitundu vidogo vingi visivyoonekana kwa macho, na juu yake lina utando mwembamba unaolilinda. Bata anatoka majini na miguu iliyolowa, anapanda kiotani, anakanyaga mayai. Kiota kikiwa cha tope na kinyesi, uchafu unalala juu ya ganda, unyevu unausaidia, na vijidudu vinapata njia ya kuingia. Miongoni mwavyo kuna salmonela. Mwaka 2010 Uingereza na Ayalandi zilipata mlipuko wa salmonela uliohusishwa na mayai ya bata, na idara za afya za huko ziliwahimiza watu wayapike mpaka ute na kiini vyote vigande. Kama nchi zenye friji kila nyumba zilifikwa na hilo, sisi wa joto la Pwani tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu.

Lakini dawa yake haina gharama. Weka maji ya kuogea mbali na mahali pa kutagia. Tandika maranda makavu, au majani makavu ya mpunga, uyabadilishe kabla hayajalowa. Mabata walale bandani, wala usiwafungulie alfajiri. Wengi wao hutaga usiku ukielekea kuisha na asubuhi mapema, basi wakikaa ndani mpaka saa 3 hivi, mayai mengi utayakuta kiotani badala ya kuyatafuta chini ya migomba. Okota kila siku. Joto letu lenyewe, hata bila bata kukaa juu yake, linatosha kuanza kukikuza kiinitete cha yai lenye mbegu, na hapo ndipo tunapopata yale mayai ambayo ukiyapasua unakutana na mishipa ya damu.

Kuosha? Yai safi usilioshe kabisa. Lenye vumbi kidogo lifute kwa kitambaa kikavu. Likiwa na uchafu ulioganda na huna budi kuliosha, tumia maji ya moto kidogo kuliko yai lenyewe, haraka, kisha likaushe na ulipike siku hiyohiyo. Maji baridi ni hatari: yanakifanya kilichomo ndani kinywee, na yai linavuta uchafu kupitia vile vitundu. Yai lililopasuka au lililozama kwenye kinyesi litupe. Najua inauma kutupa chakula, lakini hilo si chakula tena.

Kuna swali ambalo kila mfugaji mdogo analo: nikiyala mayai, vifaranga nitapata wapi? Hapa ndipo wafugaji wetu wa kienyeji walipo na maarifa mazuri kuliko vijitabu vingi. Usimwachie bata kiota kitupu. Ukiokota yote, atakiona kiota si salama, atahamia kichakani, na huko utakuwa umekosa vyote, mayai na vifaranga. Mwachie yai moja au mawili ya kumtuliza, uyatie alama ya mkaa ili usije ukayachanganya na mapya. Ataendelea kutaga. Fungu moja ukilipeleka jikoni, linalofuata mwachie aatamie. Mwili wake nao unahitaji mapumziko ya kutaga. Ukiyakusanya kwa ajili ya kuatamiwa, yaweke mahali penye ubaridi, na yasizidi siku 7 hadi 10 kabla ya kuwekewa mama. Na kama unataka mayai ya kula tu, dume si lazima. Jike hutaga bila dume, na mayai hayo yasiyo na mbegu hukaa vizuri zaidi kwenye joto.

Ukiokota yai usilolijua siku zake, limulike kwa tochi ya simu mahali penye giza. Likiwa jekundujekundu lenye mishipa, limeshaanza safari nyingine. Au litie kwenye bakuli la maji: jipya hulala chini, lililokaa siku nyingi husimama, viza huelea. Hata hivyo, nawasihi akina mama na vijana wapishi, pasueni kila yai kwenye kikombe chake kabla ya kulichanganya na mengine. Yai moja bovu linatosha kuharibu bakuli zima la unga na sukari. Ganda la bata ni nene na ngozi yake ya ndani ni ngumu, kwa hiyo usiligonge kidogokidogo ukalivunjavunja. Ligonge mara moja kwa kisu, katikati.

Haya, tuingie jikoni. Wahenga wamesema mchele mmoja, mapishi mbalimbali, na mayai nayo ni hivyo. Kosa kubwa ni kulikaanga yai la bata kama chipsi mayai ya barabarani, mafuta yanatoa moshi na moto unaruka. Ute wake una maji machache kuliko wa kuku. Ukiupiga moto mkali unakaza mara moja. Moto uwe mdogo. Mafuta yapate joto tu, tia mayai, funika. Mvuke ndio utakaopika upande wa juu, wala huna haja ya kuligeuza. Subiri mpaka kiini kigande, maana yai la bata lenye kiini kinachochuruzika mimi silipendekezi kwa yeyote, na kwa mtoto, mjamzito au mgonjwa nalikataza kabisa. Joto la zaidi ya nyuzi 70 ndilo linaloua vile vijidudu vya salmonela, na kiini kilichoganda ndiyo alama yako kwamba limefika.

Na hapo hapo niseme: zipo jamii ambazo zamani zilimzuia mjamzito kula mayai kabisa. Mwiko huo umewanyima wanawake wengi chuma na protini walivyovihitaji kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani. Yai lililoiva vizuri mpeni mjamzito.

Kwa kuchemsha, liweke kwenye maji, yakishachemka punguza moto, hesabu dakika 12, kisha litie kwenye maji baridi. Lililotagwa leo litakusumbua kulimenya, ngozi itang'ang'ania ute. La wiki moja linamenyeka vizuri.

Haya ya kuchemsha ndiyo yanayokwenda kwenye mchuzi, na kwa maoni yangu hakuna mahali yai la bata linapokaa vizuri kuliko kwenye tui la nazi. Kaanga kitunguu mpaka kilainike, tia thomu na tangawizi, bizari, nyanya, uache ijipike mpaka mafuta yajitenge. Tia tui la pili, lichemke. Mayai uyachanje kwa kisu kidogo, mara tatu au nne, ute tu, ili mchuzi upenye. Yatumbukize, kisha mimina tui la kwanza ukikoroga polepole lisikatike. Sasa zingatia: kiini cha bata kina mafuta mengi, na tui lina mafuta mengi. Pasipo kitu cha ukali, mlaji atakinai kwenye tonge la tano. Kwa hiyo ukwaju usiukose, au embe mbichi iliyokatwa vipande, iingie pamoja na tui la pili. Wengine hukamulia ndimu mwishoni. Inafaa, lakini ukwaju una kina zaidi. Kula kwa wali mweupe au kwa chapati. Yai moja linamtosha mtu mmoja.

Halafu kuna mkate wa mayai. Huu ndio ninaoutaja kwa furaha kuliko yote, na wapishi wa Unguja na Mombasa watanielewa. Mkate wa mayai hausimami kwa hamira. Unasimama kwa hewa iliyopigwa ndani ya mayai na sukari. Yai la bata linaupa ulaini na unyevu ambao la kuku haliwezi, kwa sababu ya mafuta ya kiini. Mkate uliopikwa leo, kesho bado unakatika bila kumong'onyoka, na rangi yake ni ya manjano iliyokolea bila kutiwa rangi. Ila unadai subira. Ute wa bata unachelewa kuumuka. Wengi hupiga dakika tano, wakaona mchanganyiko bado haujaumuka, wakatia unga, wakapata mkate uliolala. Kisha wanamlaumu bata.

Fanyeni hivi. Mayai 4 ya bata, yasiwe ya baridi. Yaloweke kwanza, na maganda yake, katika maji ya uvuguvugu kwa dakika chache. Yapasue, tia sukari gramu 200, tia matone machache ya ndimu. Weka bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto, bila kugusa maji, upige kwa mashine, au kwa mkono ikiwa mnapokezana wawili, mpaka mchanganyiko uwe mweupe, mzito, na ukiinua uma unaacha mstari unaokaa juu kidogo kabla ya kuzama. Hapo ndipo pamefika, si kabla. Hiliki iliyotwangwa iingie. Unga wa ngano gramu 200, uliochekechwa, utie kwa mafungu matatu, ukichanganya kwa kijiko cha mbao kutoka chini kuja juu, taratibu. Usiupige tena, utaitoa hewa yote uliyoitafuta. Mimina kwenye sufuria iliyopakwa samli. Wenye oveni, nyuzi 180, kama dakika 35. Wenye jiko la mkaa, makaa machache chini, mengi zaidi upalie juu ya mfuniko, kama bibi zetu walivyofanya, wala usifunue kuchungulia mapema. Kijiti kikitoka kikavu, umeiva.

Na kama unataka tu kubadilisha mayai kwenye mapishi unayoyajua, kwa keki au kwa katlesi, mayai 2 ya bata huingia mahali pa 3 ya kuku. Usibadilishe moja kwa moja kwa idadi; unga utazidiwa.

Namalizia na jambo la msimu. Kuna wiki ambazo majike watatu au wanne wanataga pamoja, na mayai yanalizidi jiko. Wenzetu wa Asia, wafugaji wa bata wa mashamba ya mpunga kule Gaoyou nchini China na Brebes katika kisiwa cha Java, walilitatua hilo siku nyingi kwa chumvi, na ganda nene la bata linaifaa kazi hiyo. Sioni sababu ya sisi, wenye chumvi ya Uvinza na ya mashamba ya bahari, kutofanya hivyo. Chukua maji vikombe 4, chumvi ya mawe kikombe 1, chemsha mpaka iyeyuke, acha ipoe kabisa. Panga mayai safi yasiyo na ufa kwenye chupa ya kioo au chombo cha udongo, mimina maji ya chumvi mpaka yafunikwe, weka kisahani juu ili yasielee, funika, weka mahali penye kivuli na ubaridi. Chumvi inapenya polepole, inavuta maji kutoka kwenye kiini, kiini kinakuwa kigumu, cha rangi ya chungwa, chenye mafuta yanayong'aa.

Baada ya wiki tatu toa moja, lichemshe, lionje. Ikiwa katikati ya kiini bado ni laini na chumvi haijafika, yape mengine wiki moja zaidi. Yakiwa tayari, yatoe yote kwenye maji ya chumvi, yachemshe, uyaweke kwenye friji, kwani ukiyaacha humo yatazidi kukolea mpaka yashindwe kulika. Nusu yai inatosha kwa sahani ya wali na kachumbari, na kwenye chakula hicho usitie chumvi nyingine. Mwenye shinikizo la damu na aliache kabisa hili la chumvi, apikiwe lile la tui.